Mashine Dhahania katika Vifaa Vidogo: Istilahi, Ukalimani na Kadi ya Simu Mwambaoni mwa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Muuzaji wa dagaa wa Mbamba Bay anayepokea malipo kwa simu kutoka kwa mteja wake aliyeko Mbinga mjini huwa ameshika kompyuta mbili, ingawa mwenyewe huhesabu moja. Ya kwanza ni simu. Ya pili ni kile kipande cha plastiki chenye uso wa madini, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ambacho Watanzania wamekizoea kwa jina la laini. Ndani ya laini mna chipu yenye prosesa yake, kumbukumbu yake na programu zake. Katika laini nyingi zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, programu hizo hazisemi na chipu moja kwa moja. Husema na mashine nyingine, ambayo haina waya wala chuma, na ambayo ipo kwa sababu tu wahandisi walikubaliana kuhusu lugha yake.

Makala haya yanakusudia kueleza mashine hiyo ni nini, imewezaje kuingia mahali padogo namna hiyo, na ni mambo gani yaliyoachwa nje ili ienee. Aidha, makala yanatetea istilahi ya mashine dhahania dhidi ya istilahi nyingine zinazotumika. Huenda ikaonekana kwamba suala hili ni la wahandisi, wala halimhusu mwanaisimu. Hata hivyo, ukiondoa umeme na madini, kinachobaki ni tafsiri, ukalimani na lugha ya makubaliano, na hayo ni mambo yanayofundishwa katika idara za Kiswahili kila mwaka.

2.0 Tafsiri na ukalimani ndani ya chipu

Kila aina ya prosesa ina maagizo yake inayoyaelewa, na maagizo ya prosesa moja hayaeleweki kwa nyingine. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya chipu ya kiwanda kimoja haina maana katika chipu ya kiwanda kingine, hata kama chipu zote mbili zinafanya kazi ileile. Hali hii si ngeni kwa mtu aliyewahi kusafiri kutoka nyanda za juu za Umatengo, penye mashamba ya kahawa na mashimo ya ngoro, akateremka hadi Liuli au Lituhi. Juu husikika Kimatengo, ambacho Guthrie alikipa alama ya N13. Akiteremka atakutana na Kimpoto (N14), Kimanda (N11) na Kinyanja (N31), na upande wa mashariki kipo Kingoni (N12). Lugha hizo tano zikitaka kuwasiliana mbilimbili, zinahitajika jozi kumi za wakalimani. Ikiwepo lugha moja ya kati inayokubalika na wote, kila lugha inahitaji daraja moja tu la kuifikia. Sokoni daraja hilo ni Kiswahili.

Kwenye chipu hesabu ni hiyohiyo, ila idadi ni kubwa zaidi. Programu 20 zinazotakiwa kufanya kazi katika chipu za aina 5 zingepaswa kuandikwa mara 100. Ikibuniwa mashine moja ya kati, yenye maagizo yake, programu 20 huandikwa mara moja kila moja, na kila chipu huwekewa mkalimani mmoja. Jumla ya kazi ni 25. Mashine hiyo ya kati ndiyo inayozungumzwa hapa. Maagizo yake huitwa msimbobaiti, kwa kuwa kila agizo huanza na namba inayotoshea katika baiti moja, yaani namba isiyozidi 255.

Hapa istilahi za taaluma ya tafsiri zinafaa kuliko mtu anavyoweza kutarajia. Mfasiri hushughulikia matini yote mapema, mezani, kabla msomaji hajaiona. Mkalimani hushughulikia usemi kipande kwa kipande, msemaji akiwa bado anasema. Programu inayogeuza maandishi ya mwanaprogramu kuwa msimbobaiti kabla ya kusafirishwa ni mfasiri, na katika makala haya itaitwa kitafsiri. Programu ndogo inayokaa ndani ya chipu na kutekeleza msimbobaiti agizo baada ya agizo ni mkalimani, nayo itaitwa kikalimani. Mashine dhahania katika kifaa kidogo huhitaji vyote viwili, lakini kitafsiri hukaa mbali, kwenye kompyuta kubwa. Kikalimani peke yake ndicho kinachopaswa kuenea katika kifaa.

Mlinganisho huu una mpaka wake. Kiswahili kina wazawa wake, historia yake na fasihi yake. Msimbobaiti hauna mzawa hata mmoja. Aidha, Kiswahili kimepokea maneno kutoka kila lugha iliyokutana nacho, ilhali msimbobaiti hufungwa kwa maelezo rasmi, na atakayeongeza agizo lake binafsi atakuwa amejitoa katika makubaliano.

3.0 Pepe au dhahania?

Katika Kiswahili cha mawasiliano ya kompyuta neno pepe limeenea sana, hasa kupitia barua pepe. Kwa hiyo si ajabu kwamba baadhi ya waandishi husema mashine pepe. Wanaotetea neno hili wana hoja moja nzito: watu wamekwisha lizoea. Lakini katika kilimo cha mpunga, pepe ni punje isiyo na kiini, ile inayopeperushwa wakati wa kupepeta. Mashine inayozungumzwa hapa haiko tupu hata kidogo. Ina maagizo, kanuni za matumizi yake, na mipaka ya kumbukumbu inayoweza kukaguliwa. Kwa barua pepe dosari hii haikuwa kubwa, kwa kuwa wazo la upepo lilibeba wazo la kusafiri haraka. Kwa mashine inayokaa mahali pamoja wazo hilo halina kazi.

Istilahi ya mashine ya kufikirika nayo inapotosha, kwa sababu humfanya msomaji adhani kuwa ni mashine ya hadithini.

Neno dhahania lina sifa ambayo mwanafunzi wa sarufi anaijua tayari. Nomino dhahania, kama vile uhuru, upendo au umaskini, haina umbo linaloshikika, lakini ina ngeli yake na upatanisho wake wa kisarufi, na atakayeukosea atasahihishwa. Mtu hawezi kusema *uhuru kimepatikana* kwa kisingizio kwamba uhuru hauonekani. Mashine dhahania ni hivyohivyo: haina umbo, lakini ina sarufi, na sarufi hiyo huwabana wote wanaoitumia.

4.0 Udogo na gharama yake

Lugha ya Java, ambayo mashine yake dhahania ndiyo inayojulikana zaidi, ilianza mwaka 1991 katika kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, katika mradi uliolenga vifaa vya nyumbani. Ilipotangazwa mwaka 1995 ilikuwa imegeuzwa kuwa lugha ya kompyuta zilizounganishwa na intaneti, na mashine yake dhahania ilikuwa imenenepa. Mwaka 1996 wahandisi wa kampuni ya Schlumberger waliokuwa Austin, Texas, walijaribu kuirudisha mahali padogo kuliko hata pale ilipoanzia, yaani ndani ya kadi. Matokeo yake yaliitwa Java Card. Tangu mwaka 2010 inamilikiwa na kampuni ya Oracle, ambayo husema kwamba takribani vifaa bilioni 6 vyenye mashine hii hutolewa kila mwaka duniani.

Wazo lenyewe halikuwa jipya. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha California, San Diego, kilikuwa kimeeneza lugha ya Pascal kwa njia ya msimbo wa mashine isiyokuwepo, na mwaka 1977 Steve Wozniak alieleza kikalimani chake kiitwacho SWEET16, kilichoifanya prosesa ya biti 8 ijifanye ya biti 16 kwa gharama ya baiti 300 hivi. Tofauti ya Java Card ni kwamba ililenga kifaa ambacho mtumiaji hakijui kuwa ni kompyuta.

Kiasi cha kumbukumbu kilichotajwa kuwa cha chini kabisa kwa toleo la 2.0 kilikuwa kilobaiti 16 za kumbukumbu ya kusoma tu, kilobaiti 8 za kumbukumbu inayodumu, na baiti 256 za kumbukumbu ya kazi. Aya hii peke yake ina herufi zaidi ya 256. Isingeenea katika kumbukumbu hiyo ya kazi. Simu zilizokuja baadaye kidogo zilipewa mashine dhahania kubwa zaidi, iliyoitwa KVM, ambayo herufi K katika jina lake iliashiria kwamba ukubwa wake ulipimwa kwa kilobaiti. Maelezo rasmi ya mwaka 2000 yaliitengea jumla ya kilobaiti 160 hadi 512. Jambo la kustaajabisha ni kwamba simu nyingi za kitochi zilizosambaa vijijini hazikuwa na mashine dhahania yoyote, huku laini iliyochomekwa ndani yake ikiwa nayo. Kipande kidogo kilikuwa na elimu kuliko kikubwa.

Mbinu ya kwanza ya kupunguza ukubwa ni kufanya kazi ngumu kabla ya safari. Katika kompyuta kubwa, mashine dhahania ya Java husoma programu, huikagua kama haina makosa ya hatari, na huunganisha majina yaliyomo na vitu vinavyorejelewa. Katika Java Card ukaguzi kwa kawaida hufanyika nje ya kadi, na majina hutupwa. Badala ya jina la kitu, kadi hupelekewa namba. Wanaisimu wa lugha za Kibantu hawana haja ya kushangaa, kwani wao wenyewe husema ngeli ya 7 na ngeli ya 8 bila kutaja KI na VI, na hueleweana vema pasipo kujali kama lugha inayozungumzwa ni Kimatengo au Kiswahili.

Mbinu ya pili ni kuwa na maagizo mafupi. Mashine hii hutumia rundo, mfano wa sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine: huwekwa namba ya kwanza, ikafuata ya pili, kisha huja agizo la kujumlisha, ambalo huchukua sahani mbili za juu na kurudisha moja. Agizo halitaji linajumlisha nini na nini. Nafasi katika rundo ndiyo inayojulisha. Ni kama lugha ambazo kitenzi huja mwisho wa sentensi, Kijapani kwa mfano, ambamo kitenzi kikifika wahusika wamekwisha tajwa.

Mbinu ya tatu ni kuacha, na hapa ndipo gharama inapoonekana. Java Card ya kawaida haina desimali. Namba yake kuu ni ya biti 16, ambayo kikomo chake ni 32,767. Namba za biti 32 ni za hiari ya mtengenezaji. Kwa nchi ambayo fedha yake huhesabiwa kwa makumi, kikomo hicho hakileti shida ya haraka. Kwa shilingi ya Tanzania, noti nne tu za elfu kumi hukivuka. Mwandishi wa programu ya kadi inayotunza salio asipokuwa mwangalifu, atakuta kwamba 32,767 ikiongezwa 1 hugeuka kuwa 32,768 hasi, na mwenye fedha amegeuka mdaiwa. Dawa ipo, nayo ni kuigawa namba katika vipande viwili na kubeba ziada kama mtoto wa shule ya msingi abebavyo moja. Lakini dawa hiyo hula nafasi, na nafasi ndiyo iliyokuwa ikitafutwa.

Kilichoachwa kingine ni herufi. Java Card haina aina ya data ya herufi wala ya maneno. Maandishi kwake ni safu ya baiti tu, na maana yake hutafutwa mahali pengine. Katika simu, mahali hapo ni jedwali la alama lililowekwa na viwango vya GSM, ambamo kila alama huchukua biti 7. Ujumbe mfupi una baiti 140, hivyo huenea alama 160. Ikitumika alama moja tu isiyomo katika jedwali, ujumbe wote hubadilishwa kuwa wa biti 16 kwa kila alama, na nafasi hupungua hadi 70. Kiswahili kimebahatika, kwa kuwa herufi zake zote zimo. Hata alama ya ng' katika ng'ombe imo, maadamu iandikwe kwa kistari kilichonyooka. Simu za kisasa zinazokipinda zenyewe hugharimu mwandishi nusu ya ujumbe na zaidi bila yeye kujua.

Majirani wa Kiswahili mwambaoni hawakubahatika hivyo. Kinyanja kina udugu wa karibu na Kichewa cha Malawi, ambacho tahajia yake imetumia herufi ŵ, na herufi hiyo haimo katika jedwali. Kimatengo kina irabu saba pamoja na toni, na mwandishi atakayetaka kutofautisha irabu zote kwa alama za kiisimu, kama vile ɛ na ɔ, hatazipata. Jedwali lina è, ò na ù, kwa kuwa lilipangwa na watu wa Ulaya kwa mahitaji ya Ulaya. Haifai kusema kwamba mashine dhahania ilikikataa Kimatengo. Haikukitambua, wala haikukitambua Kiingereza. Ni jedwali lililokaa juu yake ndilo lililochagua. Tofauti hii ni muhimu kwa mtafiti, kwani jedwali linaweza kubadilishwa bila kugusa mashine.

Lipo jambo moja ambalo mashine hii ndogo inalizidi jamaa yake kubwa. Mashine dhahania ya kompyuta ya mezani huzaliwa programu inapofunguliwa na hufa inapofungwa. Ile ya kadi huhesabiwa kuwa hai tangu kadi inapotayarishwa hadi inapotupwa. Umeme ukikatika haifi. Husimama, na vitu vyake hubaki katika kumbukumbu inayodumu. Zaidi ya hayo, kadi ikichomolewa katikati ya badiliko lililotangazwa kuwa moja lisilogawanyika, thamani za awali hurejeshwa umeme unaporudi: ama hatua zote zimekamilika, ama hakuna iliyofanyika. Mahali ambapo gridi ya taifa ilifika mwaka 2018, ilipokamilika njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, haihitajiki hotuba ndefu kueleza faida ya mpango huo.

5.0 Orodha inakaa wapi?

Msomaji makini atauliza: muuzaji wa Mbamba Bay anapobonyeza *150*00#, je, ni mashine dhahania ya laini yake inayomjibu? La. Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007, orodha ya huduma iliwekwa ndani ya laini, na wenye laini za zamani walilazimika kuzibadilisha. Katika Tanzania, ambako huduma ya jina hilo ilianza mwaka 2008, njia iliyozoeleka ni ya msimbo wa nyota na reli. Kwa njia hiyo orodha hutumwa kutoka kompyuta za kampuni, na simu huionyesha tu. Mtumiaji huona maneno yaleyale, *tuma pesa* na *toa pesa*, lakini mahali maneno yanapokaa ni tofauti, na anayeweza kuyabadilisha ni tofauti pia. Orodha iliyomo katika laini hurekebishwa kwa kuifikia kila laini. Iliyomo katika kompyuta ya kampuni hurekebishwa mara moja kwa wateja wote. Mtafiti wa lugha ya huduma za simu asiyezingatia tofauti hii anaweza kuchukua toleo la zamani lililobaki katika laini akadhani ni lahaja.

Mashine dhahania ya laini ya Mbamba Bay, basi, hufanya kazi za kimyakimya: menyu ndogo ya kampuni, masahihisho yanayotumwa kwa mawimbi, utenganishaji wa programu ili moja isichungulie siri za nyingine.

6.0 Agizo la 65

Katika mashine dhahania ya Java ya kompyuta kubwa, agizo la kujumlisha namba mbili kamili lina namba 96. Katika Java Card, agizo la kujumlisha namba za biti 16 lina namba 65. Kwa hiyo, kauli inayosikika mara nyingi kwamba Java Card ni sehemu tu ya Java ni kweli kwa upande wa maandishi ya mwanaprogramu, lakini si kweli kwa upande wa msimbobaiti. Wazungumzaji huandika karibu sawasawa, ila wakalimani wao hawaelewani. Mwanaisimu aliyezoea mjadala wa lugha na lahaja atatambua tatizo hili mara moja.

La muhimu zaidi ni kwamba 65 si Kiingereza. Maneno ya Kiingereza anayoyatumia mwanaprogramu huondolewa na kitafsiri kabla kadi haijapokea chochote. Vivyo hivyo kwa MicroPython, iliyoanzishwa na Damien George mwaka 2013 kwa ajili ya vifaa vinavyoanzia kilobaiti 16 za kumbukumbu ya kazi: maneno ya Kiingereza yapo katika maandishi, hayapo katika msimbobaiti unaotekelezwa. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa sekondari ya Mbinga angeweza kuandikia kifaa kidogo kwa Kiswahili pasipo mashine mpya kubuniwa. Kinachohitajika ni kitafsiri kipya, na hicho hukaa katika kompyuta kubwa, ambako nafasi si tatizo. Kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ilihusu menyu na maelekezo kwa mtumiaji; hii ingehusu sarufi yenyewe.

Ugumu wake ni wa kiisimu. Lugha za programu huweka sharti kwa neno linalosimama peke yake. Kiswahili kina maneno ya namna hiyo, kama, ikiwa, endapo, lakini kama hutumika pia kulinganisha, na mzungumzaji wa kawaida hupendelea kuweka sharti ndani ya kitenzi kwa kiambishi -ki-: *salio likipungua, kataa*. Kitafsiri kinachokubali kauli hiyo kingelazimika kuchanganua kitenzi, kitambue li- ya ngeli ya 5, kiitenge -ki- ya sharti na -ki- ya ngeli ya 7, kisha kitafute nomino inayopatana nayo. Katika *kisanduku kikijaa, simama* ki- ya kwanza ya kitenzi ni upatanisho na ya pili ni sharti, na mpangilio wa viambishi ndio unaoziamua. Uchanganuzi wa aina hiyo unafahamika vema katika mofolojia ya Kiswahili. Ukikamilika kwenye kompyuta kubwa, kinachopelekwa kwenye kifaa ni agizo la kulinganisha na agizo la kuruka, baiti chache tu, zilezile ambazo zingepelekwa kama mwandishi angetumia Kiingereza.